Jino la Simba na Daftari la Karani

Dawa ya jino bovu ni kung'oa. Msemo huu tumeutumia mpaka umechakaa. Anausema mjumbe akitaka mtendaji wa kijiji ahamishwe, anausema shabiki wa mpira akitaka kocha afukuzwe, na mlevi naye anausema akimzungumzia mke aliyemkimbia. Sisi tunaojifunza kuandika tunaipenda misemo ya namna hii kwa sababu inatupunguzia kazi. Leo, ndugu msomaji, naomba tuuchukue neno kwa neno kama ulivyo. Jino bovu, na kung'oa. Tena jino lenyewe ni la mbwa, la paka, na la yule paka mkubwa kuliko wote wa kwetu, yaani simba. Kuna historia ndefu iliyojificha nyuma ya swali dogo: jino la mnyama likioza, nani analing'oa? Na lisipong'olewa, nani analipa?

Hapa Ruanda, kwenye wilaya yetu ya Mbozi, ukiuliza swali hilo kijiweni utachekwa mpaka jioni. Mbwa kwetu ana kazi: kulinda nyumba, kuwabwekea wezi wa kahawa na kufukuza ngedere kwenye mahindi. Kazi ya paka ni panya. Mshahara wao wote wawili ni makombo. Bwana mifugo akipita, anapita kwa ajili ya ng'ombe, na mbwa akibahatika hupata chanjo ya kichaa. Sijapata kumsikia mtu wa huku aliyempeleka mbwa wake kung'olewa jino. Mbwa akianza kutafunia upande mmoja, au akiuacha mfupa aliokuwa akiugombania jana, au akivimba chini ya jicho, tunasema kapigwa jiwe na watoto, basi yamekwisha. Kumbe mara nyingi uvimbe ule wa chini ya jicho ni jino.

Hebu tuufungue mdomo wenyewe. Mtu mzima ana meno 32. Mbwa mzima ana 42, na paka ana 30. Lile gego kubwa la juu ambalo mbwa na paka hukatia nyama lina mizizi mitatu, na ncha za mizizi hiyo zimekaa chini kidogo tu ya jicho. Jino hilo likipasuka, vijidudu hupenya mpaka kwenye kiini, huifuata mizizi na kutunga usaha ndani ya mfupa. Usaha ukikosa njia hutokea shavuni. Chonge nalo lina ujanja wake: mzizi uliojificha ndani ya taya ni mrefu kuliko ile sehemu unayoiona ikimeremeta mbwa anapokukenulia.

Ndiyo maana kumng'oa mbwa au paka jino si kazi ya koleo la fundi baiskeli. Kwanza huwezi kumwambia paka, "Panua mdomo, vumilia kidogo." Daktari humlaza kwa nusu kaputi, humpitishia mpira kooni ili apumue vizuri na damu na maji visimwingie mapafuni, kisha akiweza humpiga picha ya eksirei aione mizizi ilivyokaa. Ufizi hukatwa na kufunuliwa. Jino lenye mizizi mingi hukatwa vipande kwa keekee ndogo ili kila mzizi utoke peke yake, halafu hulegezwa taratibu mpaka nyuzi zinazoushika mzizi kwenye mfupa zikatike. Mwenye haraka huvunja mzizi ukabaki ndani, au huvunja taya lenyewe, hasa la paka, maana ni jembamba. Mwisho ufizi hushonwa kwa uzi unaoyeyuka wenyewe. Siku kadhaa za chakula laini zikipita, mnyama anarudi kwenye hali yake. Paka anaweza kuishi miaka mingi bila hata jino moja mdomoni. Anaweza kwa sababu kuna mtu anayemwandalia chakula.

Tushike hapo pa "kuna mtu", kwa sababu historia yote ya jambo hili iko hapo. Huko Ulaya watu waliyajua meno ya farasi kabla hawajajishughulisha na ya mbwa, maana farasi alibeba askari na kuvuta mizigo, na farasi asiyetafuna vizuri hukonda na kushindwa kazi. Mwaka 1936 Sir Frank Colyer, ambaye alikuwa daktari wa meno ya binadamu jijini London, alitoa kitabu kikubwa juu ya maumbile na magonjwa ya meno ya wanyama, matunda ya miaka mingi ya kuchungulia mafuvu ya makumbusho. Yaani alisoma maumivu ya wanyama waliokwisha kufa zamani. Marekani walikuja kuwa na chama cha madaktari wa meno ya wanyama mwaka 1976, wakati mbwa na paka wa mjini walikwisha kuwa kama watu wa nyumbani.

Kwetu Tanganyika mkoloni alijali ng'ombe. Kituo cha Mpwapwa kilijulikana kwa utafiti wa magonjwa ya ng'ombe. Baada ya uhuru, mwaka huohuo wa 1976, mafunzo ya udaktari wa mifugo yalianza Morogoro chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1984 pakawa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Tazama jina lenyewe: daktari wa mifugo. Mbwa wa mlinzi na paka wa jikoni waliingia kwenye jina hilo kwa mlango wa uani. Sisemi kwa kulaumu. Nchi yenye ng'ombe wengi na madaktari wachache lazima ichague. Nasema tu kwamba jino la mnyama hung'olewa pale ambapo mnyama huyo amekwisha kuhesabiwa kuwa mali, au kuwa ndugu.

Sasa tutoke uani twende porini. Simba naye ni jamii ya paka, na ana meno 30 yaleyale. Chonge zake ndizo mkuki wake: ndizo zinazobana koo la nyati mpaka pumzi ikatike. Lakini pundamilia akirusha teke la taya, au nyati akitikisa kichwa, chonge linaweza kukatika na kiini kikabaki wazi. Nusu kaputi hakuna, na wa kumwandalia chakula hakuna.

Mwezi Machi 1898 Mwingereza mmoja, John Henry Patterson, alifika Tsavo, Kenya, kusimamia ujenzi wa daraja la reli iliyokuwa ikitoka Mombasa kwenda Ziwa Nyanza. Muda si mrefu simba wawili madume, wasio na manyoya shingoni, walianza kuwatoa vibarua kwenye mahema usiku. Boma za miiba hazikusaidia, na mioto haikusaidia. Mwezi Desemba vibarua wengi walikimbia na kazi ikasimama kwa muda wa wiki tatu hivi. Patterson aliwaua simba hao mwezi huohuo wa Desemba 1898, wa kwanza tarehe 9 na wa pili kabla mwaka haujaisha. Mwaka 1907 alitoa kitabu kuhusu mkasa huo na jina lake likavuma. Ngozi akazifanya mazulia nyumbani kwake, na baada ya robo karne, mwaka 1924, akaziuza pamoja na mafuvu kwa makumbusho ya Field jijini Chicago. Wako huko mpaka leo.

Fuvu la yule simba wa kwanza lilikuwa na habari ambayo kitabu hakikuisema sawasawa. Chonge lake la chini upande wa kulia lilikuwa limevunjika, kiini wazi, na kwenye ncha ya mzizi palikuwa na shimo la jipu lililokula mfupa. Jino la namna hiyo halivunjiki leo likaoza kesho. Mnyama yule alikaa na maumivu hayo siku nyingi. Mwaka 2000 mtaalamu wa makumbusho hayo, Bruce Patterson, ambaye majina tu yamegongana na ya yule msimamizi wa daraja, alichapisha uchunguzi wa meno hayo pamoja na Ellis Neiburger. Na huyu Neiburger, bwana, ni daktari wa meno ya watu. Daktari wa meno alimtazama mgonjwa wake miaka zaidi ya mia moja baada ya mgonjwa kufa.

Hata India kulikuwa na habari ya namna hiyo. Mwaka 1907 Jim Corbett alimuua chui milia jike wa Champawat, aliyehesabiwa kuua watu 436, akakuta chonge zake za upande wa kulia, ya juu na ya chini, zimevunjwa na risasi ya zamani. Mtu alimpiga vibaya, mnyama akakimbia na mdomo uliovunjika, na bili ikalipwa na wanawake waliokuwa wakikata majani ya mifugo yao.

Turudi Tsavo, tuulize swali la mwandishi: waliokufa walikuwa wangapi? Patterson kwenye kitabu aliandika kuwa Wahindi 28 waliliwa, pamoja na Waafrika wengi ambao hesabu yao rasmi haikuwekwa. Baadaye, kwenye kijitabu alichowaandikia makumbusho, idadi ikawa watu 135. Mwaka 2009 watafiti walipima kemikali zilizobaki kwenye mifupa na nywele za simba hao, wakalinganisha na vyakula mbalimbali, wakakadiria watu kama 35. Wengi wao, kama 24, waliliwa na yule mwenye jino bovu. Wataalamu wenyewe walikiri kuwa makadirio yanaweza kupanda au kushuka sana.

Soma tena maneno yale: hesabu yao haikuwekwa. Kibarua wa Kihindi alikuwa na mkataba, na jina lake lilikuwa kwenye daftari la mishahara. Asubuhi asipoitika, karani anajua. Mwafrika aliyebeba mizigo, aliyekata miti, aliyeishi kijiji cha jirani, hakuwa kwenye daftari hilo. Aliliwa mara mbili, kwanza na simba, halafu na kalamu.

Lakini kuna daftari jingine lililokuwa likiandikwa, na hakuna aliyelijua. Kwenye mapengo ya yale meno yaliyovunjika, nywele za windo zilibanwa na kujisokota pamoja, kama nyuzi za nyama zinavyokwama kwenye jino lako lenye tundu. Mwaka 2024 watafiti walitangaza kuwa wamezisoma nywele hizo kwa vinasaba. Walikuta twiga, pundamilia, nyumbu, choroa, kuro, na binadamu. Unywele wa mtu ulikaa ndani ya jino lile miaka zaidi ya mia na ishirini, kutoka Tsavo mpaka Chicago. Watafiti hawakuuchambua zaidi unywele wa binadamu, wakasema jambo hilo linataka kwanza kuzungumza na jamii ambazo huenda ni za wajukuu wa marehemu. Hapo niliwaheshimu. Jino bovu lilitunza kile ambacho karani hakukiandika, ila jina halikuweza kulitunza.

Sasa nije karibu na nyumbani. Kati ya mwaka 1932 na 1947, Njombe, kwenye nyanda zetu hizihizi za juu kusini, kundi la simba liliua watu kwa wingi usio na mfano. George Rushby, bwana nyama wa serikali ya kikoloni aliyewasaka simba hao, alikadiria waliouawa kuwa kama 1,500. Katika kitabu chake cha mwaka 1965 alieleza jinsi wenyeji walivyoogopa hata kuzungumza. Maana iliaminika kuwa wale si simba wa Mungu. Ni simba wa mtu, wametumwa na mzee mganga aliyevuliwa ukuu wa kijiji, wakipokezana usiku kama mbio za vijiti. Simba walipokwisha kupigwa risasi, wengine walishikilia kuwa hawakumalizwa na bunduki: mzee karudishiwa cheo, akawaita wanyama wake.

Rushby alikuwa na maelezo mengine. Serikali, katika kupambana na sotoka iliyoua ng'ombe, ilikuwa imeangamiza wanyama wa porini kwenye eneo kubwa ili ugonjwa usivuke kwenda kusini. Swala na nyati walipotoweka, simba walibaki na nini? Walibaki na sisi. Kwa hiyo huko Njombe jino la mtu mmoja mmoja halikuwa ndilo kisa. Meno yalikuwepo, nyama haikuwepo. Na aliyeiondoa nyama hiyo alikuwa na sahihi na muhuri, lakini lawama ilimwendea mzee wa kijijini mwenye tunguli.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, vijana wenzangu. Kumwita jirani mchawi ni jambo jepesi, kwa sababu jirani yuko karibu na mkono unamfikia. Amri ya serikali iko mbali, na jipu lililo chini ya jino halionekani kwa macho. Sisi wa nyanda za juu tunajua neno mchawi linavyoweza kumtoa mzee nyumbani kwake asirudi tena. Kila kisa cha simba mla watu kinatupa chaguo: tumtafute wa kumnyooshea kidole, au tufungue mdomo wa mnyama tutazame.

Rufiji walifungua. Kuanzia mwaka 2002 simba mmoja aliwasumbua watu wa vijiji vya wilaya hiyo, wenyeji wakampa jina la Osama, kwa jinsi enzi zile jina hilo lilivyokuwa redioni kila saa. Waliouawa walifika kama 35. Alipopigwa risasi mwezi Aprili 2004, alionekana kuwa dume kijana wa miaka kama mitatu na nusu. Na mdomoni? Gego limepasuka, na chini yake jipu kubwa. Rolf Baldus, aliyefanya kazi miaka mingi na Idara ya Wanyamapori ya Tanzania, aliandika habari zake kwenye jarida la kitaalamu mwaka 2006. Lilikuwa jino ambalo kwa paka wa nyumba yenye uwezo lingetolewa asubuhi, na jioni paka yuko kitandani.

Lakini tusiwe wavivu, tukatoa shutuma kwa mchawi tukazihamishia zote kwa jino. Simba wa pili wa Tsavo jino lake lilipasuka pia, lakini hakuwa na jipu kama la mwenzake. Bruce Patterson na Neiburger, wakiwa na mtafiti wa Kenya, Samuel Kasiki, walionyesha mwaka 2003 kuwa simba wenye meno yaliyovunjika ni wengi, na wengi wao hawajapata kumgusa mtu. Jino linamsukuma simba, halafu njaa na nafasi vinammalizia. Huko Tsavo sotoka ya miaka ya 1890 ilikuwa imeua nyati na ng'ombe, na misafara ya watumwa na pembe ilikuwa imeacha maiti njiani kwa miaka mingi. Rufiji na Lindi, utafiti wa mwaka 2005 wa Craig Packer na wenzake, wakiwemo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, ulionyesha kuwa tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563. Mashambulizi mengi yalitokea wakati wa mavuno, pale ambapo nguruwe pori wanaingia shambani, simba wanawafuata, na mkulima amelala kwenye dungu akilinda mahindi yake kwa debe na kelele. Simba alifuata nguruwe, akamkuta mtu.

Kwa hiyo msemo wetu wa mwanzo una upungufu. Dawa ya jino bovu ni kung'oa, sawa, lakini ni pale penye mtu wa kung'oa. Jirani yangu hawezi kumpeleka mbwa wake hospitali ambayo haipo. Anachoweza ni kumfunua mdomo, kutazama, na kumwita bwana mifugo kabla mnyama hajawa mkali kwa maumivu akamng'ata mtoto. Mbwa anayeng'ata ghafla si lazima awe na tabia mbaya, na wala hajatumwa na mtu. Huenda jino linamuuma. Ila huyo aliyeng'atwa aende hospitali siku hiyohiyo, maana kichaa hakisubiri mtu amalize kubuni sababu.

Na sisi wa kalamu tuna la kufanya. Habari za simba wala watu tulizonazo zimeandikwa na wenye bunduki, nao wakajiandika wenyewe. Tunawajua Patterson, Corbett na Rushby, lakini majina ya waliotolewa mahemani Tsavo na waliokamatwa njiani Njombe hatunayo. Njombe haiko mbali: ni basi hadi Makambako, halafu jingine. Mtu aliyekuwa mtoto wa miaka mitano mwaka 1947 leo amevuka themanini, na wengi wa rika lake wametangulia. Waliobaki wanakumbuka ni nani hakurudi kutoka kisimani, alikuwa mke wa nani, na aliacha watoto wangapi. Wanakumbuka pia ni mzee gani alisingiziwa. Mwenye daftari na nauli na aende, aulize majina, ayaandike kwa ukamilifu wake, la baba na la babu. Riwaya tutaziandika baadaye.